Nusu kwa Kila Upande

Trieste, Italia
13 Februari 1994

Kaka Nahumu,

Kamwene. Mama ameniandikia kwamba shirika lenu limewapunguza kazini, na kwamba sasa unaishi Mahongole na kufanya kazi dukani kwa Bwana Badru pale Makambako. Pole kwa hilo la kwanza, hongera kwa la pili.

Mwenzangu Mzambia anarudi kwao. Kutoka Dar es Salaam atapanda treni ya TAZARA, na atapita Makambako tarehe 9 Machi. Nenda stesheni umpokee kifurushi. Blanketi ni la mama, shati ni lako. Kalkuleta inayotumia jua ni ya Mwalimu Laurenti Mwalongo wa Uwemba. Nimelichora jina lake nyuma kwa sindano ili isipotee. Tafadhali mfikishie. Unamkumbuka: ndiye aliyepanda lori la viazi hadi kwetu Wanging'ombe kumwomba baba asinitoe shule, na wewe ndiye uliyemchemshia chai. Bila yeye ningekuwa napalilia pareto ya mtu.

Umeniuliza ninasoma nini hasa huku, kwa sababu watu wanakuuliza nawe huna la kuwajibu. Waambie hivi. Ulimwengu ulipokuwa mchanga ulikuwa wa moto kupita kiasi, kisha ukapoa. Dimbwi likiganda asubuhi ya Julai kule kwetu, barafu huanza huku na kule, na vipande vinapokutana havilingani, hubaki ufa. Wapo wanaodhani ulimwengu nao ulibaki na nyufa za namna hiyo, nyembamba kuliko atomi, ndefu kuvuka mbingu nzima. Tunaziita nyuzi. Hakuna aliyewahi kuuona hata mmoja. Kazi yangu ni kuuliza: kama upo, uzito wake unavifanya nini vitu vilivyo jirani?

Ajabu yake ni kwamba hauvuti. Weka jiwe kando yake, litatulia pale pale. Lakini uzi ukipita kwa kasi katikati ya vitu viwili vilivyotulia, vitu hivyo huanza kukimbiliana, na nyuma ya uzi vinagongana. Ungepita katikati ya mtu, asingehisi kuguswa. Ila nusu yake ya kulia na nusu yake ya kushoto zingegongana kwa kasi kuliko risasi. Mimi natafuta kasi hiyo ni kiasi gani.

Msalimie mama.

Mdogo wako,
Hulda


Makambako
20 Machi 1994

Mdogo wangu Hulda,

Kifurushi nimepokea, Mzambia wako ni mtu mwema ingawa treni ilichelewa siku nzima. Mama amelia kwa furaha ya blanketi. Ya Mwalimu nitampelekea nikipata nafasi. Uwemba si hapa, na kazi ni nyingi.

Makambako ungeiona usingeijua. Kila kitu kipo siku hizi. Makoti ya mitumba, redio, sabuni za aina saba. Malori ya Zambia na ya Songea yanapishana hapa, na kila anayeshuka anataka kununua au kuuza. Badru ni mtu wa Tanga, ana roho nzuri, ila kunipandisha lori lake la mbao bado anasita. Nataka anipe ukondakta wa lori, niache kubeba magunia.

Kukiwa na mali, wezi nao hawakosi. Jumanne tumeua mmoja pale sokoni. Alikuwa amekwapua furushi la makoti. Alikimbia mpaka kwenye reli, akajikwaa, ikawa basi. Mawe, kisha tairi. Alikuwa na nguvu yule, alisimama mara mbili akiwa anawaka. Polisi walipofika palikuwa na waya za tairi tu na harufu. Badru alifunga mlango wa duka akasema hataki kuona, watu wakamcheka. Yeye anaweza kusema hivyo kwa sababu ana mlango wa chuma. Sisi wengine tusipoua wezi tutakula nini?

Hizo habari zako za nyuzi nimewasomea vijana hapa. Wamesema serikali ya huko ina pesa za kuchezea.

Kaka yako,
Nahumu


Trieste
17 Aprili 1994

Kaka,

Umeandika "tumeua". Nimeisoma barua mara nne nikitafuta mahali ulipokosea, labda ulitaka kuandika "wameua". Niambie ulikuwa umesimama wapi. Baba alikuwa mwinjilisti, Nahumu. Alitufundisha kuchinja kuku kwa kisu kikali ili asiteseke.

Sina la kukufanya nikiwa huku, basi nakuomba jambo moja dogo. Mwalimu ameniandikia, na katika barua yake hakuna neno juu ya kalkuleta. Yeye hawezi kuuliza, si tabia yake. Mpelekee. Ninaihitaji mikononi mwake kuliko yeye anavyoihitaji. Mwezi wa saba nitasimama mbele ya watu wanaoijua kazi hii kuliko mimi. Nimepata kwamba vitu viwili nyuma ya uzi hukimbiliana kwa kilomita kumi na tano kwa sekunde. Mwenzangu hapa anapata saba na kitu, nusu yake. Mmoja wetu amekosea, na kila nikirudia napata ile ile. Nimemtumia Mwalimu kurasa zote. Nyuzi hazijui, lakini hajawahi kupitwa na kosa la hesabu tangu nimfahamu.

Hulda


Makambako
8 Mei 1994

Mdogo wangu,

Usiniandikie kama hakimu. Mimi sikuwasha moto. Nilikuwa pale kama kila mtu.

Kalkuleta nimeshampelekea Mwalimu. Alifurahi sana, akanikaribisha ugali na maharage. Anakusalimu. Kwa hiyo tulia, soma.

Badru amenipa ukondakta. Tarehe mosi nilikwenda Tunduma kwa mara ya kwanza.

Nahumu


Uwemba
27 Mei 1994

Mwanangu Hulda,

Salamu nyingi kutoka kwangu na mke wangu, mama yako Juliana. Baridi imeanza mapema, viazi vimeungua kwa jalidi, lakini tunakula.

Kurasa zako nilizisoma kwa wiki mbili. Hesabu ya uzi wenyewe sikuielewa, hivyo niliiruka kama ulivyonishauri, nikaanza pale unaposema kwamba nafasi inayouzunguka uzi ni kama duara la karatasi lililokatwa kipande chembamba kama cha andazi, kisha kingo mbili zikaunganishwa. Hapo nikachukua mkasi na daftari. Nilichora mistari miwili sambamba, mmoja kila upande wa kitovu. Nilikata kipande nyuma ya kitovu, nikaunganisha kingo. Mistari ile ambayo isingekutana kamwe, ikakutana. Nilikaa nikaitazama sana, mpaka mama yako akaniuliza kama naumwa.

Sasa kosa lako. Ukizileta kingo pamoja, ukingo wa kulia unasogea nusu ya pembe na wa kushoto unasogea nusu. Wewe, ukurasa wa kumi na mmoja, umemwambia wa kulia asogee pembe yote, na ukurasa wa kumi na mbili umemwambia wa kushoto naye asogee yote. Umekata mara mbili. Kila upande una nusu yake, basi. Zikijumlishwa ndipo unapata nzima. Mwenzako yuko sahihi: saba na nusu. Usione aibu. Ni kosa la mtu aliyesimama upande mmoja akaona mwendo wote, kisha akahamia upande wa pili akauona tena.

Nimezidisha kwa mkono, kwa hiyo nikague mwishoni, macho yangu si yale. Ile mashine uliyoandika kwamba umenitumia haijanifikia. Najua kaka yako ana kazi, na nauli imepanda. Kesho Jumamosi nakwenda Makambako kuuliza bei ya mbegu, nitapita dukani kwake nimsalimu, nimwondolee usumbufu wa kuja huku. Barua hii nitaiposti Njombe nikipita.

Simama imara mbele ya watu hao. Hawakujua kutembea siku waliyozaliwa.

Mwalimu wako,
Laurenti Mwalongo


Makambako
2 Juni 1994

Mdogo wangu Hulda,

Sina namna nzuri ya kuandika hili. Mwalimu Laurenti amefariki. Jumamosi tarehe 28 alikuwa huku Makambako, akagongwa na lori barabara kuu. Alifia njiani tukimpeleka hospitali. Amezikwa Uwemba Jumatatu. Watu walikuwa wengi.

Ni ajali. Malori hapa hayana breki. Usijisumbue kuuliza sana, dereva hakujulikana. Nimewapelekea wafiwa rambirambi kwa niaba ya familia yetu.

Mungu akutie nguvu katika masomo yako.

Nahumu


Uwemba
26 Juni 1994

Mwanangu Hulda,

Barua yako ya pole imefika. Umeandika kwamba barua ya Mwalimu ilikufikia siku tano baada ya ile ya kifo chake, na kwamba ulipoona mwandiko wake ulidhani kaka yako amekosea mtu. Nami ningependa awe amekosea.

Nina neno la kukuuliza. Kaka yako amekuambia lori. Mimi ndiye niliyemwosha mume wangu pamoja na dada zake. Lori halimpigi mtu kisogoni, kisha mdomoni, kisha vidole vya mkono kimoja kimoja. Mbavu za kushoto zilikuwa zimeingia ndani. Suruali ilikuwa imelowa petroli; tulipoifua, rangi za mafuta zilielea juu ya maji. Meno yake matatu niliyakuta ndani ya shavu, nikayafunga kwenye kitambaa, nikamzika nayo. Hakuna lori linalofanya hivyo. Watu ndio wanafanya.

Polisi waliandika "wananchi wenye hasira". Nikawauliza hasira ya nini, mume wangu aliiba nini? Wakasema mama, kundi la watu mia halina jina.

Wiki iliyopita alikuja mtu hapa, mkono wake umefungwa plasta mpaka begani. Alijitambulisha kuwa ni Badru, mwenye duka. Alikaa pale mlangoni, hakutaka kiti. Alisema yeye alikuwa msikitini adhuhuri, aliporudi akakuta watu wamemzunguka mzee mmoja mbele ya duka lake. Akajitupa juu yake. Wakamvunja mkono kwa nondo ili wampate wa chini. Kisha akatoa kalkuleta mfukoni, akasema ilimdondoka mume wangu njiani wakimpeleka hospitali. Alisema alipewa na mfanyakazi wake kama zawadi, na kwamba ndiyo wanayosema mume wangu aliiba. Alikuwa ameigeuza hospitalini kutafuta mahali pa betri, akakuta jina, akauliza watu jina hilo ni la nani, ndiyo kafika kwangu.

Nikamuuliza, mfanyakazi wako anaitwa nani. Akainamisha kichwa kabla ya kulitaja.

Hulda, wewe ni mtoto wa nyumba hii. Niambie unachokijua.

Juliana


Trieste
15 Julai 1994

Nahumu,

Badru amempelekea mama Mwalimu kalkuleta. Jina lilikuwa nyuma.

Mwezi wa tano uliniandikia kwamba ulimkabidhi mkononi, ukala ugali kwake. Mwezi wa sita ukaniandikia lori. Sasa andika tena. Andika kuanzia alipoingia dukani. Usiniambie ulichohisi. Niambie nani alisema nini, nani alifanya nini, na wewe ulikuwa umesimama wapi.

Hulda


Mahongole, Makambako
7 Agosti 1994

Hulda,

Nimeanza barua hii mara nyingi. Leo sitaichana.

Kalkuleta nilimpa Badru mwezi wa nne. Nilitaka ukondakta. Nilimwambia dada yangu kaniletea kutoka Ulaya, nami naona inakufaa wewe. Sikuigeuza nyuma. Niliwaza nitamnunulia Mwalimu nyingine nikifika Tunduma.

Siku ile Badru alikuwa msikitini, mimi niko kaunta. Mwalimu akaingia na koti lake lile la kijivu. Nilimtambua kabla hajavua kofia. Akasema, "Kamwene, Nahumu. Umekuwa mtu mzima." Palikuwa na wateja watano au sita. Nikajifanya napima sukari. Akaiona kalkuleta juu ya kaunta, akatabasamu, akaichukua. Akaigeuza. Akasema, "Kumbe hii hapa. Ina jina langu."

Nikasema, "Mzee, rudisha hicho, ni cha mwenye duka."

Akasema, "Nahumu, ni yangu. Dada yako ameandika." Hakusema kwa ukali. Akaitia mfukoni, akasema, "Mwambie mwenye duka mimi niko hapo nje kwenye mbegu, akirudi nitamweleza mwenyewe."

Nikaona Badru atarudi, atajua nilimpa kitu cha mtu, na lori litakuwa limekwenda. Nilimfuata hadi barazani. Nilitaka tu arudi ndani. Nikasema, "Mwizi huyo."

Sikupiga kelele. Nilisema kama unavyomwita mtu. Kijana wa mitumba akalirudia kwa sauti, na wa viatu akalirudia, na baada ya hapo halikuwa langu tena.

Jiwe la kwanza lilimpata kisogoni. Alikaa chini kama mtu anayepumzika. Akaweka mkono kichwani, akautazama. Kisha akanyoosha kidole kwangu, akasema, "Muulizeni huyu. Ananijua. Nimemfundisha dada yake." Watu wakanyamaza, Hulda. Nakuapia walinyamaza. Kijana mmoja mwenye nondo, simjui jina, akanigeukia akaniuliza, "Unamjua?"

Nikasema, "Simjui."

Yule kijana akasema, "Kama humjui mbona hupigi?"

Nikampiga teke. Ubavu wa kushoto. Niliusikia ukivunjika kupitia kiatu. Alinitazama, na ndipo wengine wote wakaja. Sijui nani alifanya nini. Nondo niliiona ikishuka kwenye vidole vyake kwa sababu aliweka mikono usoni. Mtu alileta petroli kwenye kopo la mafuta ya kula. Badru alifika akikimbia, akalipiga lile kopo teke, akalala juu ya Mwalimu akipiga kelele kwamba mali ni yake na amesamehe. Wakamvunja mkono. Hata hivyo hakutoka. Wakachoka, wakaondoka mmoja mmoja.

Badru hakuweza kushika usukani. Niliendesha pikapu mimi. Yeye alikaa nyuma na kichwa cha Mwalimu mapajani. Kioo cha nyuma kilikuwa kimevunjika, nilikuwa nasikia. Mwalimu alisema mara mbili, "Kiatu changu kimoja kimebaki." Badru akamwambia, "Tutakirudia, mzee." Hatukufika mbali.

Badru alinifukuza juma la tatu la Juni, alipotoka Uwemba. Hakunipiga. Tangu hapo silali, nanywa ulanzi mpaka nadondoka. Yule wa tairi, wa mwezi wa tatu, nilimpiga pia. Umeniuliza nilikuwa nimesimama wapi. Nilikuwa mbele.

Nahumu


Trieste
28 Agosti 1994

Mama Mwalimu,

Shikamoo. Ndani ya bahasha hii kuna barua ya kaka yangu, kama alivyoiandika, sikuondoa neno. Isome ukiwa na mtu, usiisome peke yako.

Mimi ndiye niliyetuma kifurushi kwa mkono wake, na ndiye niliyemsumbua Mwalimu kwa hesabu zangu. Hilo nalibeba. La Nahumu ni la Nahumu. Ukiipeleka barua hii polisi, sitakulaumu. Usipoipeleka, nitaipeleka mimi nikija. Mama yangu sijamwambia.

Nilisimama mbele ya wale watu tarehe 21 Julai. Mwalimu alikuwa sahihi: nusu kila upande. Niliwaambia kwamba kosa liliponyoka macho ya wote hapa, na aliyeliona ni mwalimu mstaafu wa Uwemba, kwa mkasi na daftari. Mzee mmoja, mkubwa katika kazi hii, alinifuata baadaye akaniomba anwani yake ili amwandikie. Nikampa. Nilishindwa kumwambia. Barua yake ikifika, ni yako.

Hulda


Uwemba
25 Septemba 1994

Mwanangu Hulda,

Barua zako zimefika, yako na ya yule mzee wa Kizungu. Yake padri amenisomea. Kuna mahali anamwita Mwalimu "mwenzangu". Nimeiweka.

Ya kaka yako niliisoma peke yangu, ingawa ulinikataza.

Kabla sijaamua lolote, alikuja mwenyewe. Jumapili ya tarehe 11, watu wametoka misa. Alisimama uani akasema mbele ya shemeji zangu watatu, "Mimi ndiye niliyesema mwizi." Hakupata kusema zaidi. Walimpiga kwa mipini ya majembe. Walimvunja mkono wa kulia, wakamburuza mpaka kwenye rundo la kuni za miwati. Mdogo wa Mwalimu akaja na shoka. Kaka yako hakukimbia wala hakujikinga. Nilisimama mlangoni, Hulda, na nitakuambia kweli: nilitazama. Nilihesabu mapigo. Nilitaka niyasikie yaliyompata mume wangu yakimpata mtu mwingine.

Shoka lilipoinuka ndipo nilipokwenda nikasimama kati yao. Mdogo wa Mwalimu akasema, "Toka, shemeji, au nitakupiga nawe." Nikamwambia, "Piga. Halafu kesho polisi watakuja waandike wananchi wenye hasira, na kaka yako atabaki mwizi mpaka mwisho wa dunia. Huyu ndiye pekee anayeweza kusema mahakamani kwamba hakuiba." Alikaa na shoka juu muda mrefu. Kisha akalipiga kwenye gogo, akaenda nyuma ya nyumba akalia.

Nilimfunga mkono kwa kanga yangu. Nilitembea naye hadi barabarani, tukapanda gari la Njombe, nikakaa siti moja naye damu ikinichafua gauni, nikamfikisha polisi mimi mwenyewe na barua yake. Wawili aliowataja wamekamatwa. Yule wa nondo bado.

Mama yako amekuja kunipigia magoti nifute kesi. Nilimwinua, nikampa chai, nikamwambia sifuti.

Watu hapa wameanza kusema nimemsamehe kwa sababu nilimwokoa. Usiwasadiki. Sijamsamehe, na usije ukamwambia hivyo ili umfariji. Siku ya kesi nitakuwa shahidi wa kwanza. Nitahitaji mtu wa kukaa naye.

Juliana


Njombe
4 Machi 1996

Kaka Nahumu,

Umeniuliza, kwa karatasi iliyoandikwa na mwenzako wa gerezani, kama mwanamke mwenye kitambaa cheusi aliyekaa na mama Mwalimu siku zote nne alikuwa ni mimi.

Ni mimi. Nilirudi Januari, nilipomaliza. Nilikuona ukinitafuta upande alikokaa mama. Alikuwa peke yake kwenye benchi lile refu, na mara tatu aligeuka kunitazama. Sikuhama. Nyumbani hajazungumza nami tangu hukumu. Ananiwekea chakula mezani, anatoka.

Nilikusikia ukiulizwa kama marehemu aliiba, na nilikusikia ukijibu kwamba hapana, ilikuwa mali yake, nawe ulijua. Ulisema kwa sauti mpaka nyuma wakasikia. Shemeji wa mama Mwalimu, yule wa shoka, alifunga macho. Badru naye alikuwepo, mkono wake haunyooki tena. Wakili wako aliposema ulikuwa mmoja kati ya mia, na kwamba sehemu yako ni ndogo kama punje, ulimkatiza. Jaji akakuonya. Mimi nilisikia ulichosema kabla hajakuonya: "Nilikuwa mbele."

Miaka tisa ni mingi, na mama Mwalimu anaona ni michache. Sitasema neno juu ya hilo.

Nimepata kazi ya kufundisha hapa Njombe. Chuo cha Dar es Salaam kimeniita pia, sijajibu. Yule kijana wa nondo wanasema yuko Tunduma; jina alilolitaja mwenzako kwenye karatasi ile nimelipeleka polisi.

Jumapili nitakuja gerezani. Nitaleta sabuni na sweta. Hatutazungumza habari za msamaha, kwa sababu si wangu wa kutoa. Tutazungumza habari za mama, na mahindi ya Wanging'ombe, na kama mkono wako umeanza kushika kitu. Kama hutaki kuniona, usitoke watakapoita jina lako. Nitakaa pale mpaka muda wa wageni uishe, kisha nitarudi Jumapili itakayofuata.

Hulda